Jozani au Ngezi? Angalia saa kabla ya kuangalia nauli

Kila skuli zinapokaribia kufungwa swali ni lile lile: watoto tuwapeleke msitu wa Jozani hapa Unguja, au safari hii tujikaze tuvuke Pemba tukauone msitu wa Ngezi? Anayeuliza huwa keshasikia sifa za pande zote mbili, na kila msifu husifia pale alipofika yeye. Kwa hiyo mimi humrudishia swali: utakuwa msituni saa ngapi? Jozani ni ya asubuhi, na Ngezi ni ya magharibi kuendelea. Ukifika Jozani saa saba mchana, kima wamejipumzisha juu kwenye majani mazito na utaondoka ukisema hapana kitu. Ukifika Ngezi saa tano asubuhi na saa nane ushapanda gari ya kurudi Chake Chake, umeona miti mizuri, basi. Kile hasa kinachoifanya Ngezi iwe Ngezi hujakiona. Nauli, umbali na kiingilio vinakuja baada ya hapo.

Naandika kwa wenyeji kwanza, halafu kwa ndugu zetu wa Bara wanaokuja mapumziko. Inaniuma kukuta mtu mzima, kazaliwa Ng'ambo au Wete, hajawahi kuingia hata pahali pamoja kati ya hapa pawili, na watu wanatoka Ulaya kuja kuyaangalia majani tunayoyapita kila siku kwa gari.

Jozani: raha ya asubuhi moja

Jozani iko kama kilomita 35 kutoka mjini, pembezoni mwa barabara iendayo Paje, Jambiani na Makunduchi. Gari ya abiria ya njia hiyo inakushusha mlangoni. Tangu 2004 msitu huu pamoja na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa, ya pekee hapa Zanzibar, ukubwa wake kilomita za mraba 50 hivi. Na mwaka 2016 UNESCO iliutambua kuwa miongoni mwa hifadhi hai za dunia. Hizo ni sifa za kwenye karatasi. Sifa ya kweli ni kwamba hapa mtoto wa miaka mitano anamwona mnyama wa mwituni kwa macho yake, karibu, bila kuhangaika.

Mnyama huyo ni kima punju. Asili yake ni kisiwa cha Unguja, hana kwao pengine. Mgongo wake mwekundu unaoelekea kahawia, mabega na mikono nyeusi, na nywele nyeupe zilizosimama kuuzunguka uso mweusi. Mtazame mkono anapovuta tawi: vidole vinne virefu, na pale panapostahili gumba pana kinundu tu. Huvuta tawi mpaka mdomoni, akang'ata majani machanga ya nchani, akaliachia likarudi. Tumbo lake lina vyumba, na majani huchachukia humo kabla hayajamfaa, ndiyo maana ndizi mbivu unayotaka kumtupia ni dhara kwake. Msimpe chochote. Na msimguse hata akikaa karibu na mkono wako, kwani mafua yetu yanamwingia yeye.

Jambo moja watoto hawalisahau: kima wa mashamba ya pembezoni mwa Jozani hula mkaa. Wanauokota mafigani na kwenye tanuri za wachoma mkaa. Majani ya miembe na mikungu wanayoyala yana kemikali zinazolikera tumbo, na mkaa unazinyonya. Wadogo hujifunza kwa kuwatazama mama zao. Mwambieni mtembezaji awaelezee hili, anaweza hata kuwaonyesha mkiwa na bahati.

Zamani wakulima hawakumpenda, wakiamini anawamalizia nazi kwa kula vidaka, yaani nazi changa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kinyume: pale kima walipokula vidaka, mavuno ya nazi hayakupungua, kwani vidaka vikipunguzwa vinavyobaki hupata nafasi ya kukomaa. Na hesabu iliyofanywa Unguja nzima, matokeo yake yakatolewa mwaka 2017, ilikuta kima zaidi ya 5,800, wengi kuliko walivyodhaniwa. Bado ni mnyama aliye hatarini, kwa kuwa nyumba yake karibu yote ni kisiwa kimoja kinachojengwa kwa kasi. Gari zimewaua wengi kwenye barabara hiyo hiyo inayokupeleka, mpaka yakawekwa matuta. Ukiendesha mwenyewe, punguza mwendo kabla hujaona tuta.

Usiishie kwa kima. Kwanza kuna msitu wenyewe, uliosimama juu ya maji yaliyo karibu sana na uso wa ardhi. Wakati wa masika maji hutuama kati ya mizizi, na mitondoo mikubwa imeinama ikaota tena juu kwa juu. Humo anaishi paa nunga, mnyama mdogo mwenye aibu ambaye sikuahidi utamwona. Halafu kuna mikoko ya Pete, upande wa pili wa barabara, na hapa ndipo wengi wanapopafanyia haraka. Njia ya mbao inapita katikati ya mikandaa, michu, muia na mikoko yenye mizizi ya miguu mirefu. Maji yakiwa yamejaa, unaona vitoto vya samaki vimejificha kwenye mizizi, na mtoto anaelewa papo hapo kwa nini mikoko ikikatwa mvuvi wa Chwaka anakosa. Maji yakiwa yamekupwa unaona tope, kaa wa rangi wenye gando moja kubwa, na visamaki vinavyorukaruka nje ya maji.

Kujua utakuta maji gani huhitaji simu. Angalia mwezi wa Kiislamu. Mwezi mosi na mbili, na mwezi 15 na 16, ni bamvua: Unguja maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa jioni kama saa kumi. Mwezi nane na mwezi 22 ni maji mafu, na hapo asubuhi ndiyo yanakuwa yamejaa, ingawa si sana. Anayetaka kima wa asubuhi na mikoko yenye maji katika safari moja aende siku za maji mafu.

Kasoro ya Jozani ni wingi wa watu. Kuanzia saa nne magari ya watalii huanza kuingia, mabasi mawili yakishashusha utulivu umekwisha, na kima mmoja anazungukwa na simu ishirini. Dawa ni kuwahi. Mkiwa mlangoni mapema kabisa mnakuwa na msitu wenu peke yenu kwa saa nzima, na nusu siku inatosha kwa yote: msitu, kima, mikoko, hata na kituo cha vipepeo kilichopo Pete. Saa sita mko Paje au Makunduchi mnakula samaki.

Ngezi: lala huko au usiende

Ngezi iko kaskazini magharibi kabisa ya Pemba, wilaya ya Micheweni, na ndiyo mabaki makubwa ya msitu uliowahi kuifunika Pemba kabla ya mikarafuu kuchukua vilima. Ukitoka Konde barabara inateremka, ghafla mwanga unapungua: mivule mirefu imekutana juu, na baridi yake unaisikia shingoni hata ukiwa juu ya pikipiki. Chini kuna mipapindi, mnazimwitu mwembamba ambao asili yake ni Pemba peke yake. Msitu huu una sura nyingi kwa eneo dogo: penye unyevu miti mirefu, penye mchanga mweupe vichaka vya chini, kisha mikoko, kisha jabali la matumbawe, kisha pwani.

Nilisema mapema kwamba Ngezi ni ya magharibi. Jua likishazama, wanatoka popo wa Pemba. Sizungumzii popo wa dari. Huyu mabawa yake yakikunjuliwa yanapita mita moja na nusu, manyoya yake mekundu kahawia, uso wake mrefu wa mnyama mwenye akili, na chakula chake hasa ni matunda na maua: maembe, shelisheli, usufi, mikuyu. Mchana wamening'inia juu ya mivule wakijipepea kwa bawa moja. Magharibi wanajiachia mmoja mmoja, halafu kumi, halafu huwezi kuhesabu tena. Aliwahi kuwindwa mpaka akakaribia kwisha mwishoni mwa miaka ya 1980. Vijiji vikaamua kumlinda, na leo ni maelfu kwa maelfu. Kwangu hili ni miongoni mwa mambo ambayo Wapemba wana haki ya kujivunia zaidi kuliko hata karafuu, kwani hakuna aliyewalipa vya kutosha kuacha kuwinda. Waliacha kwa kuwa walielewa kwamba popo huyu hapatikani popote isipokuwa kwao.

Kikishaingia kiza anaanza bundi wa Pemba. Ni mdogo, rangi yake ya kutu, na sauti yake ni moja tu: hu. Anatulia. Hu. Mwingine anamjibu kutoka upande wa pili wa njia. Msitu mzima unajazwa na sauti hiyo moja inayorudiwa. Watu wa Bara wanaopenda ndege huvuka bahari kwa ajili yake, na kwa ajili ya ninga wa Pemba na chozi wa Pemba. Matembezi ya usiku hupangwa na askari wa msitu pale mlangoni, na lazima uyapange mchana. Usifike saa moja usiku ukitegemea kumkuta mtu.

Ndiyo maana nasema lala huko. Boti inakushusha Mkoani, kusini kabisa, na Ngezi iko kaskazini kabisa. Hiyo barabara peke yake ni kisiwa kizima. Wete kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida na kutoka hapo Ngezi si mbali. Makangale, ng'ambo ya msitu, kuna hoteli za pwani, nyingine ghali. Baada ya Konde gari za abiria ni chache, na usiku hakuna. Patana na mwenye gari au pikipiki akupeleke na akungoje, na bei muikate kabla ya kuondoka.

Mchana wa siku ya pili ni wa Vumawimbi. Mchanga mweupe kilomita kwa kilomita, ngalawa chache, watoto wa kijiji, na hapana duka hata moja. Bebeni maji, boflo, matunda, na mrudi na takataka zenu. Kaskazini zaidi iko Ras Kigomasha na mnara wake wa taa wa chuma. Ukiruhusiwa kupanda, ngazi zake ni wima na nyembamba, si za mtu mwenye kizunguzungu. Juu unaona Vumawimbi mkono mmoja na pwani ya Verani mkono wa pili, na mbele yako Mkondo wa Pemba, buluu nzito isiyofanana na maji ya Unguja.

Buluu hiyo ndiyo inayoeleza tofauti yote ya visiwa hivi viwili. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na Pemba imekuwa kisiwa kwa muda mrefu mno, ndiyo maana ndege na popo wake wamekuwa wa kwao peke yao. Bahari kati ya Unguja na Bara ni ya kina kifupi. Zama za barafu, maji ya bahari yalipokuwa chini, Unguja ilikuwa sehemu ya nchi kavu ya Bara. Wanyama walivuka kwa miguu. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na Pemba haikuwa naye. Basi usiende Ngezi kutafuta kima punju. Wachache walihamishiwa huko miaka ya 1970 kwa majaribio na wazao wao wapo, lakini kuwaona ni bahati.

Nani aende wapi

Mwenye siku moja tu aende Jozani. Vivyo hivyo mwenye mzee asiyeweza kutembea sana, mwenye watoto wa chini ya miaka saba, na darasa zima la skuli lenye mwalimu mmoja au wawili. Hakuna haja ya kujadili.

Mwenye usiku mbili tatu, mwenye vijana wakubwa, mke na mume waliochoka na mji, na yeyote anayependa ndege: Ngezi, na asibadilishwe mawazo na ugumu wa safari. Kwa mtoto wa miaka kumi na mbili usiku mmoja Ngezi una thamani kuliko asubuhi tatu Jozani. Jozani unaonyeshwa. Ngezi unangoja, unasikiliza, na kinachotokea kinatokea mbele yako bila ya kupangwa.

Anayeogopa popo au kiza, nami sioni aibu katika hilo, asilazimishwe. Pale Kidike, kaskazini ya Chake Chake, anaweza kuwaona popo hao hao mchana kweupe wakiwa wamelala, chini ya uangalizi wa wanakijiji wenyewe, akarudi mjini kabla ya adhuhuri. Ni njia nzuri pia kwa aliyekwenda Pemba kwa harusi au msiba na ana asubuhi moja tu.

Kuhusu gharama, kwa mtu wa Unguja Jozani ni nauli ya gari na kiingilio, na Ngezi ni boti, malazi na usafiri wa kukodi. Tofauti ni kubwa na siifichi. Bebeni vitambulisho popote muendapo, kwa sababu kiingilio cha mwenyeji ni tofauti na cha mgeni. Na mlipe mlangoni, mchukue risiti, mtembee na mtembezaji wa pale pale. Sehemu ya pesa za Jozani hurudi kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu, na mwanakijiji anayeona faida ya msitu ndiye anayemzuia mwenye shoka. Anayeingia kwa njia za panya anamuumiza huyo.

Majira nayo yana neno. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za Jozani hujaa maji na mbu, na Ngezi matope hufika kwenye vifundo. Uzuri upo, lakini si kwa watoto. Kusi likivuma, Juni hadi Septemba, msituni kuna baridi nzuri ila boti ya Pemba hucheza, na mwenye kuchafukwa ajiandae. Mimi napenda maleleji, kusi limekwisha na kaskazi haijashika: bahari shwari, na maembe yanaanza kuiva, popo wanashuka mpaka kwenye miembe ya majumbani.

Kama hamu yako ni bahari

Wapo ambao msitu hauwaiti. Wanataka matumbawe. Kwao chaguo ni Chumbe au Misali, na hapa sitarefusha.

Chumbe, kusini magharibi ya mji, ni kisiwa kidogo chenye mnara wa taa wa mwaka 1904 na tumbawe lililofungwa kwa uvuvi tangu 1994, hifadhi ya kwanza ya bahari duniani kuendeshwa na watu binafsi. Tumbawe lile ni miongoni mwa yaliyo mazima zaidi pwani yetu, na usiku wanatoka kaa wa nazi, kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Idadi ya wageni ina kikomo na bei si ya mtu wa kawaida. Lakini mwalimu anayesoma hapa ajue: Chumbe huwapokea wanafunzi wa skuli za Zanzibar kwa masomo ya bahari bila malipo. Peleka barua, omba nafasi. Hiyo ni fursa ambayo skuli nyingi zinaiacha ipite.

Misali iko magharibi ya Chake Chake, unapandia Wesha. Ni hifadhi tangu 1998, lakini wavuvi hawakufukuzwa: upande mmoja wa tumbawe umefungwa, kwengine wanavua na kupiga dago, yaani kambi za uvuvi, kama walivyofanya babu zao. Uhifadhi wake ulifundishwa misikitini kwa aya za Qur'ani juu ya mwanadamu kuwa khalifa wa Mungu ardhini, na wavuvi waliokuwa hawazisikilizi hotuba za serikali walizisikiliza khutba. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alisali hapo, na mapango ya kisiwa yana heshima yake. Usiingie ukipiga kelele wala ukiwa na nguo ya kuogelea. Ukitoka nje ya mapango, pwani ya magharibi kasa hutaga, tumbili wanashuka mpaka ufukweni kuiba chakula, na tumbawe linaanza hatua chache kutoka mchangani.

Kwa familia yenye pesa ya wastani mimi nasema Misali bila kusita. Nendeni siku za maji mafu, mkondo unakuwa mpole. Hapana duka, hapana maji ya kunywa, hapana daktari. Na unapopatana na nahodha pale Wesha, kabla ya kuuliza bei uliza majaketi ya kuokolea, yatoe uyaone, umvishe kila mtoto lake mchangani. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Nahodha akisema bahari ni shwari hapana haja, tafuteni mwingine.